Kashata Haigandi, Kaimati Inalegea: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Vitamu vya Sherehe

Barua za safari hii zimetoka Tanga hadi Maskati, na kwa juu juu hazifanani. Mmoja anauliza kashata, mwingine jeli, mwingine barafu za maziwa. Tulipozisoma zote pamoja tuliona kwamba karibu kila mmoja anauliza habari za maji: yamebaki mengi mno, yamekauka kupita kiasi, au yameingia pasipotakiwa. Kwa hiyo msishangae neno maji likitajwa hapa kuliko neno sukari.

Kikombe tunachopimia ni cha mililita 250. Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai ni 5, na vyote ni vya kusawazisha kwa kisu, si vya kujaza kilima.

Kashata zangu za nazi siku moja zinakataa kuganda na kubaki kama jamu, siku nyingine zinasambaratika kama mchanga nikizikata. Vipimo ni vilevile kila mara. Nina shughuli ya mtoto mwezi ujao na nataka kutengeneza mia moja. Naombeni msaada. (Msomaji, Tanga)

Vipimo ni vilevile, dada, lakini nazi si ileile. Nyama ya nazi mbichi iliyokomaa karibu nusu ya uzito wake ni maji. Koroma ina maji mengi zaidi, na nazi iliyokaa sana dukani ina machache. Ukihesabu dakika utapotea. Hesabu kwa macho na kwa bakuli la maji baridi pembeni ya jiko.

Pima sukari vikombe 2, maji nusu kikombe, nazi iliyokunwa vikombe 3 (usiikamue tui), iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, chumvi chembe na matone machache ya ndimu. Tumia sufuria zito, kwa maana jepesi huunguza chini kabla ya juu kuiva.

Weka sukari, maji na ndimu kwenye moto mdogo, koroga hadi sukari iyeyuke yote, na iyeyuke kabla ya kuchemka. Ikishachemka acha kukoroga kabisa. Punje zilizorukia ukingo wa sufuria zifute kwa kitambaa safi kilicholowa. Hapa ndipo kashata za mchanga zinapozaliwa: punje moja ya sukari isiyoyeyuka ikirudi ndani ya shira huvuta nyingine, na baada ya muda shira yote inarudi kuwa sukari ya chenga. Kazi ya ndimu ni kuvunja sehemu ya sukari ili isikimbilie kujenga punje kubwa.

Dondosha tone la shira kwenye maji baridi. Likitawanyika, bado. Likijikusanya kuwa kidonge laini unachoweza kukibonyeza kwa vidole, tia nazi na chumvi. Wenye kipimajoto wasome nyuzi 115 hivi. Nazi itaingiza maji yake na shira italegea tena, usiogope. Kuanzia hapo koroga bila kupumzika kwa moto wa wastani. Huchukua dakika 10 hadi 15, lakini alama yenyewe ni hii: mchanganyiko unaachana na ukingo wa sufuria na kuufuata mwiko kama bonge moja. Epua, tia iliki, mimina kwenye sinia uliyoipaka samli, sawazisha iwe na unene wa sentimita moja na nusu. Baada ya dakika 10, ingali vuguvugu, kata. Ukisubiri ipoe kabisa itavunjika vipande visivyo na umbo, na hilo si kosa la shira tena.

Zilizobaki kama jamu zirudishe sufuriani tu kwa moto mdogo na uendelee kukoroga. Zilizosambaratika nazo zinaokoleka: ziweke sufuriani na vijiko 4 vya chakula vya maji, ziyeyushe polepole, kisha zipike upya hadi zifuate mwiko. Kipimo tulichotaja hutoa vipande 30 vya ukubwa wa kiberiti. Kwa mia moja pika mara nne. Usizidishe vipimo mara nne kwenye sufuria moja, kwani maji hayatakauka sawasawa na mkono utachoka kabla ya nazi kuiva.

Kashata za karanga ni habari nyingine, maana hazina maji kabisa. Sukari kikombe 1 huyeyushwa kavu kwa moto mdogo hadi iwe na rangi ya asali, kisha unatia karanga zilizokaangwa na kupepetwa kikombe 1 na nusu, unamimina kwenye sinia yenye mafuta, unasawazisha kwa chupa iliyopakwa mafuta na kukata ndani ya dakika mbili au tatu. Sukari hiyo hupita nyuzi 160, na ikigusa ngozi hunata huku ikiendelea kuunguza. Watoto wasiwe jikoni saa hiyo. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au zinazoacha uchungu ulimini zitupe zote, kwa sababu sumukuvu haiondolewi na kukaanga. Na ukiwa pwani, zikipoa tu zifungie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Hewa yetu ina unyevu, sukari inaunyonya, na kashata iliyoachwa mezani asubuhi jioni inanata vidoleni.

Bisi zangu nusu hazipasuki. Ni mafuta au ni sufuria? (Msomaji, Dodoma)

Huenda si mafuta wala sufuria. Punje ya bisi hupasuka kwa mvuke wa maji yaliyomo ndani yake, na huhitaji unyevu wa asilimia 14 hivi. Zilizokaa muda mrefu kwenye mfuko uliofunguliwa, hasa kwenye hewa kavu kama ya kwenu, zimepoteza maji hayo. Jaza chupa ya lita moja robo tatu kwa punje, tia kijiko 1 cha chakula cha maji, funga, tikisa, na urudie kutikisa mara chache kwa siku. Siku ya tatu jaribu tena. Hakikisha pia ni mahindi ya bisi kweli. Mahindi ya ugali yana ganda lisilobana mvuke, yatakaangika tu.

Assalaam aleikum. Kaimati zangu zikitoka kwenye mafuta ni kavu nzuri, lakini nikishazitia shira haipiti robo saa zimelegea. Tena hazina umbo, zina mikia. Nataka za futari na za harusi ya mdogo wangu. (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Jina lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, luqaymat, yaani matonge madogo, na ndugu zetu wa Oman na Ghuba hula zao kwa asali ya tende. Udogo huo una maana yake. Kaimati kubwa kuliko limau dogo haikauki ndani, na maji yaliyobaki ndani ndiyo yanayotoka kama mvuke na kulainisha ganda kabla hata ya shira.

Chukua unga wa ngano vikombe 2, unga wa mchele kijiko 1 cha chakula (huu ndio unaosaidia ganda kukauka), hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, sukari kijiko 1 cha chakula, chumvi chembe, na maji ya uvuguvugu au tui jepesi kikombe 1 kasoro vijiko 2 vya chakula. Piga kwa mkono dakika 5 hadi 7, ukiuinua unga na kuubwaga kwenye bakuli hadi uvutike kama mpira na kutoa sauti. Funika, acha uumuke saa moja. Ukishaumuka usiuvuruge tena. Hewa uliyoisubiri saa nzima itatoka kwa dakika moja.

Mafuta yawe na kina cha vidole vinne na moto wa wastani, nyuzi 170 hivi. Tone la unga lizame, litulie kidogo, kisha lipande likitoa povu. Likipanda papo hapo na kubadilika rangi, moto ni mkali: utapata kaimati nyekundu nje na unga mbichi ndani. Likilala chini, mafuta hayajapata moto na kaimati zitayanywa.

Mikia inatokana na mkono mkavu. Lowesha mkono wa kushoto kwa maji na ukung'ute, usiache matone, kwani maji yakiingia kwenye mafuta yatakurukia. Chota unga, funga ngumi, ubinye utokee juu kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uukate kwa kijiko kilicholowa na kukung'utwa. Kata kwa haraka, usivute. Kaanga dakika 7 au 8 ukizizungusha muda wote kwa kijiko cha matundu. Kwa harusi tunashauri mikaango miwili: zitoe zikiwa na rangi ya dhahabu hafifu, zipumzike dakika 10, kisha zirudishe dakika 2. Katika mapumziko hayo unyevu wa ndani unahamia kwenye ganda, na mkaango wa pili unaufukuza.

Sasa shira. Sukari vikombe 2, maji kikombe 1, ndimu nusu kijiko cha chai, iliki, na zafarani ukiwa nayo. Watu wengi huiepua mapema kwa kuogopa isigande. Shira nyepesi ni maji matamu, na maji ndiyo yanayolegeza. Chemsha hadi tone lililopozwa kwenye sahani, ukilishika kwa vidole viwili na kuviachanisha, livute uzi wa sentimita mbili bila kukatika. Epua, iache ipoe iwe vuguvugu, kisha tia kaimati za moto, zipindue dakika moja na kuzitoa kwenye chungio. Shira na kaimati visiwe vya moto kwa pamoja. Na usizifunike kwa kawa wala mfuniko zikiwa na joto, maana mvuke utadondoka juu yake.

Ukitaka zile kavu zenye sukari nyeupe juu, ambazo hukaa hadi kesho yake bila kulegea, hiyo ndimu iache. Hapa tunataka sukari igande. Pika shira hadi kidonge laini kwenye maji baridi, epua, tia kaimati zilizopoa zote pamoja, uzipindue bila kuacha hadi shira igeuke weupe na kuzishika moja moja.

Mwanangu hawezi kula ngano, na safari hii nataka akate "keki" kama wenzake siku yake ya kuzaliwa. Nimejaribu mkate wa kumimina mara tatu. Juu unapendeza, lakini chini kuna tabaka zito kama ugali uliolala. (Msomaji, Unguja)

Umechagua vizuri, mama. Mkate wa kumimina ukitoka sawa hauna haja ya kuonewa huruma mbele ya keki yoyote.

Tabaka la chini ni mchele uliozama. Unga wa ngano una utando unaoshika hewa na kuibeba, mchele hauna. Rojo likiwa jepesi, au mchele ukiwa umesagwa chenga chenga, chembe zinashuka chini huku povu likibaki juu. Dawa yake ni uji kidogo ndani ya rojo. Wanga ulioiva hunata na kuzibeba chembe mbichi.

Loweka mchele vikombe 2 usiku kucha, au angalau saa 6. Uchuje vizuri na uuache kwenye chungio dakika 10, kwani maji yaliyojificha kati ya punje yanatosha kuharibu kipimo. Usage kwenye blenda na tui zito kikombe 1 na nusu hadi ukilisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga hata moja. Hapa usiwe na haraka. Blenda ikipata moto izime, ipumzike, uendelee. Chota vijiko 3 vya chakula vya rojo hilo, changanya na maji robo kikombe, pika kwenye sufuria ndogo hadi uwe uji mzito. Ukipoa hadi uvuguvugu urudishe kwenye blenda pamoja na hamira kijiko 1 cha chai, usage tena. Uji wa moto utaiua hamira.

Mimina kwenye bakuli kubwa, funika, weka mahali penye joto dakika 40 hadi saa moja. Likishajaa vitundu, tia sukari robo tatu ya kikombe, iliki nusu kijiko cha chai na ute wa yai 1, ukikoroga taratibu kwa mwiko. Utaona rojo limelegea. Ndivyo sukari inavyofanya ikiyeyuka, na ndiyo sababu tulikuzuia kuongeza maji mwanzoni. Acha dakika 15 nyingine. Ukilisahau saa tatu kwenye joto la Unguja litachacha, na mkate utanuka kama togwa.

Paka samli sufuria la upana wa sentimita 20 hadi 22, lipashe moto hadi tone la rojo likilia chwaa. Mimina. Moto uwe mdogo dakika 5, hadi ukingoni paanze kushika na vitundu vitokee. Hapo ndipo unaponyunyiza zabibu na lozi. Mapema zaidi zitazama. Funika kwa bati au sinia yenye makaa. Makaa mengi yawe juu, chini ubakishe vipande vitatu au vinne. Dakika 20 hadi 25 zinatosha, na kijiti kikichomwa katikati kitoke kikavu. Mwenye oveni aweke nyuzi 180 baada ya zile dakika 5 za mwanzo. Acha upoe ndani ya sufuria robo saa kabla ya kuupindua.

Kama mtoto amekatazwa ngano na daktari, osha blenda, mwiko na chungio upya kabla ya kuanza, na meza ya mkate huu iwe mbali na ile ya maandazi. Vumbi la unga linatosha kumdhuru.

Niko Maskati. Jeli yangu ya nanasi haikuganda kabisa, na ile ya zambarau iliyoganda iliyeyuka mezani kabla wageni hawajafika. Nilitumia jelatini ya pakiti kwa kufuata maelekezo. (Msomaji, Maskati)

Ya kwanza iliharibiwa na nanasi lenyewe. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na jelatini ni protini. Papai, kiwi na tini mbichi hufanya vivyo hivyo. Chemsha nanasi dakika 5 kabla ya kulitia, au tumia la kopo, ambalo limekwisha kupikwa kiwandani.

Ya pili ilishindwa na hali ya hewa. Jelatini huyeyuka kwenye nyuzi 30 na kitu, ambazo Maskati ni joto la kivulini. Kwa karamu za nchi zetu na za huko uliko, sisi tunapendekeza agaa, ile inayotokana na mwani. Huganda kwenye nyuzi 35 hadi 40 bila friji, na ikishaganda haiyeyuki hadi ifike karibu nyuzi 85. Nanasi bichi haliidhuru, kwa kuwa haina protini. Na inakuondolea wasiwasi wa kuuliza jelatini imetoka kwa mnyama gani. (Wengi hudhani ni mwani uleule wa Paje na Jambiani. Mwani unaolimwa Zanzibar, tangu mwaka 1989, hutoa karajini, ambayo huganda kwa namna nyingine, kwa hiyo usibadilishe moja kwa nyingine kwa kipimo kilekile.)

Kipimo ni vijiko 2 vya chai vya agaa ya unga, kama gramu 4, kwa nusu lita ya kimiminika. Ikoroge kwenye maji baridi kikombe 1, chemsha itokote dakika 2 au 3 kamili huku ukikoroga. Isipotokota haiyeyuki, na hiyo ndiyo sababu ya kushindwa kwa nusu ya jeli tunazolalamikiwa. Kisha tia sukari, na mwisho juisi kikombe 1 iliyopashwa iwe vuguvugu. Juisi kali kama ya ukwaju au ndimu usiichemshe pamoja na agaa, kwani uchachu na moto vikikutana hupunguza nguvu ya kuganda. Juisi ikiwa ya baridi mno nayo italeta mabonge.

Za rangi mbilimbili: mimina rangi ya pili pale ya kwanza imeshika lakini ukiigusa bado inanata kidoleni. Ikipoa kabisa matabaka hayatashikana, yatateleza ukikata. Usitarajie itikisike kama jelatini. Ya agaa hukatika safi kwa kisu, na kwa watoto tunaipenda ikatwe vipande vidogo vya pembe nne, si matonge ya kumeza.

Barafu zangu za maziwa zinakuwa na vipande vya barafu tupu, mtoto akinyonya utamu unaisha kinabaki kijiwe. Halafu nilipojaribu kutia ubuyu, maziwa yalikatika. (Msomaji, Morogoro)

Maziwa yanapoganda, maji yake hujitenga na kujenga vipande vya barafu, utamu ukisukumwa pembeni. Ndiyo maana mtoto anaunyonya wote na kuacha kijiwe. Kinachotakiwa ni kuyashika hayo maji yasitembee, na yagande haraka.

Chemsha maziwa lita 1 kasoro kikombe nusu, pamoja na sukari gramu 150 (robo tatu ya kikombe) na chumvi chembe. Kwenye ule nusu kikombe wa maziwa baridi vuruga konflawa vijiko 3 vya chakula. Mimina ndani ya maziwa yanayochemka ukikoroga, yatokote dakika 2 hadi 3 hadi yapake mgongo wa kijiko. Tia vanila au iliki. Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi na ukoroge hadi yapoe, maana yakipoa bila kukorogwa yataweka utando juu, na utando huo ndio mabonge. Mimina kwenye vikombe, ukiacha nafasi ya kidole kimoja juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Panga vikombe vikigusa ukuta wa friza, usivibebanishe, na usitie hamsini kwa mkupuo. Friza iliyoelemewa hugandisha polepole, na kuganda polepole ndiko kunakojenga vipande vikubwa.

Usipunguze sana sukari. Sukari huzuia barafu isiwe jiwe, pamoja na kwamba ulimi uliopigwa na ubaridi hauonji utamu vizuri. Kwa upande mwingine, ukipita gramu 250 kwa lita haitaganda sawasawa.

Tumesema vikombe kwa makusudi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania bara kuanzia Juni 1, 2019, na Kenya kuanzia Agosti 28, 2017. Vikombe vidogo vyenye kijiti vinaoshwa na kutumika tena, na mtoto hang'ati kona ya mfuko uliopita mikono mingi.

Kuhusu ubuyu: ni mchachu, na uchachu hugandisha protini ya maziwa, hasa yakiwa ya moto. Tengeneza barafu ya ubuyu kwa tui. Loweka unga wa ubuyu nusu kikombe kwenye maji vikombe 2 kwa nusu saa, chuja, changanya na tui zito kikombe 1 na sukari nusu kikombe, gandisha. Haihitaji moto wala konflawa, maana ubuyu wenyewe ni mzito. Umeme ukikatika barafu za maziwa zikayeyuka na kukaa na joto, usizigandishe upya kwa ajili ya watoto. Zimwage.

Ubuyu wangu wa rangi unatoka mbegu tupu. Unga wote unabaki kwenye sufuria kama uji mwekundu. (Msomaji, Temeke)

Umeuchemsha, na ubuyu hauchemshwi. Unga unaoshika mbegu huyeyuka kwenye maji, ndiyo sababu tunaweza kuunywa kama juisi. Kinachotakiwa kuchemka ni shira peke yake, na mbegu ziikute ikiwa tayari haina maji ya kuzivua nguo.

Pepeta mbegu nusu kilo kwenye chekecheo, unga unaodondoka uuweke kando. Chemsha sukari robo kilo, maji mililita 200, rangi nyekundu ya chakula robo kijiko cha chai na chumvi chembe, hadi ivute uzi kama ile ya kaimati. Tia pilipili ya unga robo kijiko cha chai, pilipili manga, iliki na vanila. Epua, subiri dakika 2, kisha mwaga mbegu zote kwa mara moja na uzipindue haraka dakika 3 au 4. Ukiona shira imetuama chini, rudisha kwenye moto mdogo sana ukipindua hadi iishe. Nyunyiza ule unga wa kando, tandaza kwenye sinia, ziache usiku kucha bila kufunika. Asubuhi ziwe zinaachana zenyewe. Zikinata, shira haikufika kwenye uzi; ongeza unga wa ubuyu kijiko kimoja kimoja.

Rangi iwe na maandishi kwamba ni ya chakula. Zile za ukili na vitambaa zinazopimwa kwa karatasi sokoni usizitumie hata chembe. Usiyeiamini rangi ya dukani, chemsha choya kavu (maua ya rozela) nusu kikombe kwenye maji mililita 350, chuja, punguza kwa moto hadi zibaki 200, utumie badala ya maji. Wekundu wa choya hukaa vizuri penye uchachu, na ubuyu ni uchachu mtupu. Utapata rangi ya damu ya mzee badala ya wekundu unaong'aa, na ukali utazidi kidogo, kwa hiyo ongeza sukari vijiko 2 vya chakula.

Watoto wa chini ya miaka mitano usiwape mbegu hizi, wala karanga nzima, wala bisi, kwani hupalia kwa urahisi. Wao wawekee barafu ya ubuyu tuliyomwelekeza msomaji wa Morogoro, bila pilipili.